Shajara ya mradi: Islander ya injini mbili inayoruka bila kuongozwa

Naandika hatua kwa hatua ujenzi wa ndege hii ndogo ya mfano ili anayetaka kujenga ya kwake aweze kufuata, na azijue mapema sehemu zinazokula muda. Vipimo vyote ni vya milimita na gramu. Kazi za kawaida za kukata na kubandika nazipitia haraka. Anayejenga ndege za balsa, ule mti mwepesi sana, anazijua.

2 Februari: ndege na bajeti ya uzito

Nimechagua Britten-Norman BN-2 Islander, iliyopaa mara ya kwanza tarehe 13 Juni 1965. Mwili wake ni sanduku lililonyooka, bawa liko juu na upana wake haubadiliki kutoka mwilini hadi nchani, magurudumu hayakunjwi, na pezi la mkia ni kubwa. Kwa ndege ya mfano isiyo na redio, sifa hizo ni hazina. Ndiyo pia ndege inayohudumia safari fupi kuliko zote za ratiba duniani, kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray huko Uskoti: ratiba inasema dakika mbili, na imewahi kumalizwa kwa sekunde 53. Naipenda ndege hii kwa sababu haina kitu cha urembo. Kila kipande kina kazi yake.

Kwa kipimo cha 1:24, urefu wa bawa ncha hadi ncha ni mm 622, upana wake mm 85, na eneo lake desimita za mraba 5.2. Lengo ni uzito usiozidi gramu 55. Nimegawa hivi: mota mbili na rafadha zake (mapangaboi) gramu 7, betri 4, waya na kizimio (saketi ya kuzima mota) 3, bawa 9, mwili 10, mkia 3, magurudumu na miguu yake 4, makasha ya injini 2, tishu (karatasi nyembamba ya kufunika fremu) na rangi 4. Jumla ni 46. Tisa zilizobaki ni za gundi na za risasi (metali nzito) ya puani, kwa sababu ndege ya injini mbili haina kitu kizito mbele. Kwenye ndege ya injini moja, mota yenyewe hukaa puani na kusawazisha mkia. Hapa mota ziko bawani, na pua ni tupu.

Bawa la ndege halisi ni bapa ukilitazama kutoka mbele. Ndege isiyo na rubani wala redio haiwezi kujinyoosha ikiinama upande kama bawa ni bapa, kwa hiyo nimeinua kila ncha kwa mm 25. Hapo nimeuacha uhalisia kwa makusudi.

16 Februari: mwili, bawa na mkia

Mwili ni fremu ya vijiti vya balsa vya mm 2.5, pande mbili zilizojengwa juu ya mchoro kisha kuunganishwa kwa vijiti vya kati. Bawa lina mbavu za balsa ya mm 1 na boriti mbili, moja juu na moja chini. Nimesokota ncha zote mbili ili ukingo wa nyuma uwe juu kwa mm 2, bawa lisipoteze nguvu ya kuinua kuanzia nchani ndege inapopunguza kasi. Mkia wa mlalo una upana wa mm 60, kipimo kinachorahisisha hesabu: kipande cha mm 1 chini ya ukingo wake mmoja hubadilisha pembe kwa karibu digrii moja.

Tishu ilivuta nusu ya kushoto ya bawa ilipokauka na kuondoa msokoto wote. Nililipitisha juu ya mvuke wa birika, nikalishikilia likiwa limesokotwa kupita kiasi mpaka likapoa, kisha nikalifunga kwenye ubao usiku kucha. Msokoto ulirudi na umebaki.

23 Februari: mota mbili zinazodaiwa kuwa sawa

Mota ni za milimita 7, zile zisizo na kiini cha chuma, zinazotumika kwenye droni ndogo za kuchezea. Faida yake kubwa ni kwamba droni zinahitaji mota zinazozunguka mwendo wa saa na nyingine kinyume cha saa, pamoja na rafadha za kila upande. Kwa hiyo jozi inayopingana inapatikana tayari. Rafadha mbili zikizunguka kinyume, usokotaji wa moja unafuta wa nyingine, na ndege haivutwi kuinama upande mmoja wakati wa nguvu.

Nilizipima moja moja juu ya mizani ya kidijitali. Mota inasimamishwa kwenye nguzo ya balsa ya sm 15, rafadha ikisukuma hewa juu, hivyo msukumo unabonyeza mizani. Nguzo fupi hudanganya, kwa sababu sahani ya mizani inazuia hewa inayofyonzwa na rafadha. Kwa volti 3.7 na rafadha za mm 55, mota moja ilitoa gramu 17.0 na nyingine 15.4. Tofauti ya gramu 1.6 iko mm 78 kutoka katikati ya mwili, na ndege nyepesi hivi itageuka tu.

Kabla ya kuilaumu mota nilileta rafadha nyingine za aina zilezile. Kila mota niliipima na rafadha kadhaa, na pengo lilibaki kwenye mota ileile dhaifu. Kipimo hiki ni muhimu: rafadha za plastiki za upande mmoja na wa pili hutoka kwenye kalibu tofauti, na zinaweza kutofautiana kuliko mota. Katika mota za akiba nilipata jozi iliyokaribiana zaidi, 16.6 na 16.0, na hiyo ndiyo imeingia kwenye ndege.

2 Machi: waya na kizimio

Mota zimeunganishwa sambamba kwenye betri moja ya lithiamu ya volti 3.7 yenye mAh 150. Zinazimwa na saketi ndogo kabisa: mosfeti moja (swichi ya umeme), kapasita ya maikrofaradi 22 (inayohifadhi umeme kidogo) kwenye lango lake, yaani pini inayoiwasha, na rezista inayoimwaga taratibu. Unabonyeza kitufe, kapasita inajaa, mosfeti inafungua njia ya umeme, na mota zinazunguka hadi volti ya langoni ishuke chini ya kiasi cha 1.5. Kwa rezista ya megaomu 1 napata sekunde 22 hivi. Kwa kiloomu 270 napata sekunde 6.

Rezista sikuilehemu. Nimeichomeka kwenye soketi ndogo ya pini mbili ili niibadilishe uwanjani. Majaribio ya kwanza ya nguvu yanatakiwa kuwa mafupi sana, na wenye haraka hurusha sekunde 20 siku ya kwanza kwa sababu tu ndio muda walioulehemu.

Sifa nyingine ya saketi hii ni kwamba haikati ghafla. Mosfeti inajifunga polepole, mota zinafifia kwa sekunde mbili au tatu, na ndege inapata muda wa kushusha pua na kuanza kuteleza. Kwa muda huo mosfeti hupata moto kidogo, kwa hiyo iache ipate hewa. Usiifunike kwa gundi.

9 Machi: kuteleza bila nguvu

Asubuhi kabla upepo haujaamka, juu ya nyasi ndefu. Kitovu cha uzito, yaani mahali ndege inaposimama sawa ikiinuliwa kwa ncha ya kidole, kilianza mm 28 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, na mkia ulikuwa digrii 1 chini ya pembe ya bawa. Ndege iliinua pua, ikapoteza kasi, ikaangusha pua, ikarudia. Gramu moja ya risasi puani ilisogeza kitovu hadi mm 26 na mawimbi yakaisha. Kutoka kimo cha bega sasa inafika mita 9 kwa mstari mmoja, na inagusa nyasi kwa magurudumu. Jumla ya risasi puani ni gramu 4. Uzito wote ni gramu 54.

Hatua hii haina mkato. Ndege ambayo haijateleza vizuri haipewi umeme.

15 Machi: nguvu inazamisha pua

Hapa ndipo mradi ulipogeuka, na ndipo nimejifunza jambo ambalo ningependa kila anayeanza ndege ya injini mbili alijue kabla hajakata kijiti cha kwanza.

Makasha ya injini yalijengwa kwa desturi ya ndege za injini moja: rafadha zimeelekezwa chini digrii 3 ili nguvu isiinue pua kupita kiasi, na, kwa ushauri wa kawaida wa injini mbili, nje digrii 4 kila upande ili mota moja ikizima, msukumo wa iliyobaki upite karibu na kitovu cha uzito. Kwa sekunde 6 za nguvu ndege haikupanda hata kidogo. Ilitoka mkononi, ikashusha pua, ikateleza kwa kasi kubwa kuliko isipokuwa na umeme, ikagonga nyasi. Rafadha moja ilivunjika.

Niliondoa digrii 3 za chini kwa kuweka kabari nyuma ya mota. Karibu hakuna kilichobadilika. Nikaelekeza juu digrii 2. Mabadiliko madogo mno. Ndipo nilipoweka ndege mezani na kufanya hesabu.

Bawa liko juu ya mwili, na mota ziko bawani, kwa hiyo mstari wa msukumo uko mm 22 juu ya kitovu cha uzito. Ndege ikiwa hewani mota zote mbili zinatoa kama gramu 24. Zidisha: 24 mara 22 ni 528. Gawanya kwa uzito wa ndege, gramu 54, upate karibu 10. Maana yake, kila ninapowasha umeme ni sawa na kusogeza kitovu cha uzito mbele kwa mm 10, kwenye bawa lenye upana wa mm 85. Hakuna ndege inayoweza kupanda hivyo.

Na kwa nini kubadilisha pembe hakukusaidia? Rafadha ziko mm 40 tu mbele ya kitovu cha uzito. Digrii 3 kwa umbali huo zinahamisha mstari wa msukumo kwa mm 2. Kwenye ndege ya injini moja yenye rafadha mm 120 mbele, digrii hizohizo zinauhamisha kwa mm 6, ndiyo maana desturi ile inafanya kazi kule. Hali ni hiyohiyo kwa zile digrii 4 za nje: mkono wa kugeuza wa mota moja unashuka kutoka mm 78 hadi mm 75 tu. Ushauri wa kuelekeza mota nje nimeukuta kila mahali. Hauna madhara, ila asiutegemee mtu aliyebandika mota karibu na kitovu cha uzito. Kwenye injini mbili, umbali ndio unaoamua. Pembe zinapambia tu.

Marekebisho yalikuwa matatu. Mota nimezishusha ndani ya makasha kwa mm 6, kwa kukata uso wa kasha na kuubandika upya, hivyo mstari wa msukumo sasa uko mm 16 juu ya kitovu. Kitovu nimekisogeza mbele kidogo hadi mm 24, kwa kuisukuma betri hadi mwisho wa pua. Na mkia nimeushusha hadi digrii 2.5 chini ya pembe ya bawa. Hilo la mwisho lina nguvu kuliko linavyoonekana. Upepo wa rafadha unapita juu ya sehemu za nje za mkia wa mlalo, hivyo mkia ulioelekezwa chini unasukumwa chini zaidi umeme unapowaka, na pua inainuka hasa wakati inapohitajika kuinuka. Umeme ukizima, upepo huo unaondoka na ndege inateleza kama zamani.

Gharama: rafadha moja, nyuso mbili za makasha, kipande cha balsa ya mm 1.5, na wiki nzima bila kurusha.

22 Machi: inapanda, kisha inazunguka

Kwa sekunde 6 ndege ilipanda kwa upole, pua juu kidogo, mabawa sawa, hadi kimo cha paa la nyumba ya ghorofa. Furaha ya kuiona ikipanda yenyewe baada ya wiki ile siwezi kuieleza vizuri.

Muda mfupi baadaye ilitoka mkononi, ikavuta kulia, ikainama, ikazunguka chini na kugonga ardhi kwa ncha ya bawa na pua. Mota ya kulia haikuwa inazunguka. Waya zake ni nyembamba kama uzi, na mmoja ulikuwa umekatika kwenye lehemu, pengine wakati wa kutua kulikotangulia. Kwa sekunde moja ya kushika na kurusha, sauti ya mota moja na ya mbili hazitofautiki kwa urahisi kwenye uwanja wenye upepo.

Hasara: ncha ya bawa la kulia hadi ubavu wa tatu, kasha la kulia, uso wa pua, na vioo vya mbele.

Kuongeza ukubwa wa pezi lilikuwa wazo la kwanza. Hesabu ilikataa. Gramu 12 za mota moja kwa mkono wa mm 75 ni 900, na kuzizuia kungehitaji pezi ambalo lingeifanya ndege isifanane tena na Islander. Njia sahihi ni kuhakikisha mota moja haiwezi kuzunguka peke yake kwa sababu ya waya uliokatika.

5 Aprili: mota kwa mfululizo

Sasa mota zimeunganishwa kwa mfululizo: umeme unapita kwanza kwenye moja, kisha kwenye nyingine. Waya wowote ukikatika, zote zinasimama, na ndege inateleza kama kizimio kimefanya kazi yake. Volti zinagawanyika, kwa hiyo betri zimekuwa mbili. Uzito wa ndege haukuongezeka hata gramu, kwa sababu betri ya pili ina uzito wa gramu 4 na imechukua nafasi ya risasi yote iliyokuwa puani. Nilikuwa nimebeba chuma kisicho na kazi. Sasa pua imebeba umeme.

Zawadi nyingine ilijitokeza kwenye mizani. Kwa mfululizo, mota zote zinapata ampea zilezile, na nguvu ya kusokota ya mota hufuata ampea. Nguvu ya kusokota ikiwa sawa na rafadha zikiwa sawa, msukumo nao unakaribiana, hata kama koili ya mota moja ina ukinzani mkubwa kuliko ya nyingine. Tofauti inaishia kwenye volti. Jozi ile iliyotoa 16.6 na 16.0 sasa inatoa 16.4 na 16.2. Kama unaanza leo, anza na mfululizo moja kwa moja.

Kuna hatari moja iliyobaki. Rafadha ikinaswa na nyasi au ikikwama kwenye kasha, iliyo huru inapata volti zaidi na kuvuma. Kwa hiyo rafadha zote zinazungushwa kwa kidole kabla ya kila kurusha, na kitufe kinabonyezwa mara moja ndege ikiwa imeshikwa, macho yakiwa kwenye mota zote mbili.

Kizimio nacho kilihitaji kuguswa mara mbili. Mosfeti ya mwanzo ilihimili volti 8 tu langoni, na betri mbili zilizojaa ni volti 8.4; nimeweka inayohimili 12. Pia kapasita sasa inaanza kushuka kutoka juu zaidi, hivyo rezista ya megaomu 1 iliyotoa sekunde 22 inatoa karibu 38. Angeisahau mtu, ndege ingekwenda mbali kuliko macho yanavyofuata. Kiloomu 680 inatoa sekunde 26, na kiloomu 150 inatoa karibu 6 kwa majaribio.

Lehemu zote za mota zimefunikwa kwa tone la gundi inayobaki laini, na waya zimeachwa na kitanzi kidogo zisivutike.

19 Aprili: vipimo vinavyofanya kazi

Nilianza tena na sekunde 6, na ndege ilipanda ikiwa imenyooka kabisa. Kunyooka si kuzuri kwa ndege huru: inaondoka na upepo, na ikiingia kwenye msukosuko inaweza kuinama upande wowote. Nimekunja kibandiko cha alumini nyuma ya pezi kwa mm 2 kwenda kushoto. Kwenye ndege ya injini moja ningeogopa, kwa sababu upepo wa rafadha ungelipiga pezi na kuubana mzunguko wakati wa nguvu. Hapa upepo wa rafadha unapita pembeni, pezi haliguswi, na mduara wa kushoto una upana wa mita 25 hivi umeme ukiwaka na ukizima. Hili ndilo jambo ambalo injini mbili zinalifanya vizuri kuliko moja.

Kwa rezista ya kiloomu 680, jioni tulivu, inapanda mita 15 hivi na kukaa hewani sekunde 38 hadi 43. Kufifia kwa mota kunaonekana wazi kutoka chini: pua inashuka taratibu na mduara hauvunjiki.

Kwa anayenakili: uzito gramu 54, kitovu cha uzito mm 24, mkia digrii 2.5 chini ya bawa, mstari wa msukumo mm 16 juu ya kitovu, mota hazielekezwi juu wala chini, nje digrii 4 kama zilivyojengwa, pezi mm 2 kushoto. Upepo ukizidi mita 2 kwa sekunde siirushi, maana kwa sekunde 40 inasogea mita 80 hata ikizunguka vizuri. Namba ya simu imeandikwa chini ya bawa.

Rafadha za mm 65 ziko mezani. Zinapita mbali na mwili na zingetoa msukumo zaidi kwa mzunguko wa chini, ila ampea zitapanda na mota hizi hupata moto haraka. Zitapanda mizani kwanza, mota zikiguswa kwa kidole kila baada ya sekunde 10, kabla hazijafungwa kwenye ndege.